Kosa la Sufuria ya Kilio

Sheria ya wizi niliisoma vizuri. Sijisifu, maana kama ningeisoma vibaya pasingeumia mtu. Katika mwaka wangu wa pili wa diploma, pale Mbarara, hapakuwa na mwanafunzi aliyeweza kutenganisha wizi, unyang'anyi na uvunjaji wa nyumba haraka kuliko mimi. Wizi ni kuchukua cha mtu kwa nia mbaya, bila haki, na kukisogeza, hata kama ni hatua moja. Ukiongeza nguvu au vitisho, huo ni unyang'anyi. Ukivunja nyumba ya mtu na kuingia ili utende kosa, ni uvunjaji wa nyumba, na ukivunja usiku kosa linakuwa kubwa zaidi na kifungo kinarefuka. Mambo haya nilikuwa nikiyakariri asubuhi nikiwa nanawa uso.

Kulikuwa na mawili yaliyonipendeza kuliko yote. La kwanza, kuvunja hakuhitaji kitu kivunjike. Ukisukuma mlango uliorudishiwa tu, ukiinua komeo, ukifungua kamba, mbele ya sheria umevunja. La pili, usiku wa sheria si usiku wa jua. Unaanza saa kumi na mbili na nusu jioni, hata kama jua bado liko juu ya kilima na kuku wanadonoa uani. Mwalimu wetu, mwanamke wa makamo aliyekuwa wakili, alipotuambia hilo darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka. Niliandika, nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Nilikuwa mtoto wa Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, na jambo hilo sikupenda lijulikane chuoni. Tulitoka Kivu Kusini vita vya 1996 vilipoanza, nikiwa na miaka minane, mimi, dada yangu na mama. Baada ya kuzungukazunguka tukapewa kiwanja Kashojwa, kijiji kimoja cha kambi ile, mama akalima mahindi na maharage, nasi tukakua. Shirika moja la kanisa ndilo lililonilipia karo ya chuo, kwa masharti yaliyojaa ukurasa mzima. Sharti moja lilisema mwanafunzi akipatikana na kesi ya jinai, msaada unakoma siku hiyohiyo.

Mbarara nilipanga chumba Kakiika, kwa mke wa mwanajeshi. Nyumba zote za pale zilikuwa za familia za askari, na kila kitu kilikuwa na kufuli. Mlango ulikuwa na kufuli mbili, choo kilikuwa na kufuli, na jirani mmoja alifungia hata beseni lake la kufulia kwa mnyororo. Wiki ya kwanza mwenye nyumba alinikuta nimeuacha mlango wazi nikienda kuchota maji. Alisimama kizingitini akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Wewe natoka Nakivale, eeh? Hapa funga mlango. Hapa hakuna ndugu."

Nilinunua kufuli siku ileile. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nikirudi Kashojwa nikiona aibu kwa jinsi mlango wetu ulivyofungwa.

Mlango wetu ulikuwa wa mbao za masanduku, na mama alipokwenda mbali aliufunga kwa kamba ya katani kwenye msumari. Mstari mzima wa nyumba zetu ulifanya hivyo. Kamba ile haikuwekwa kumzuia mtu. Ilisema tu kwamba mwenyewe hayupo, usiingie bila sababu. Na sababu zilijulikana. Moto ukizimika kwako ni sababu. Mtoto akiungua na wewe huna asali ni sababu. Kifo kilikuwa sababu kuliko zote.

Mtu akifa kwetu, kabla hata maiti hajaoshwa, mwanamke mmoja anapita nyumba kwa nyumba akikusanya vyombo vya kilio: sufuria kubwa, mikeka, mabenchi, madumu ya maji. Haombi. Kumwomba mtu sufuria kwa ajili ya maiti ni kumtukana, ni kama kumuuliza kama anasikitika au hasikitiki. Anaingia, anabeba, anakwenda. Kama mwenye nyumba hayupo, anafungua kamba, anabeba, anaifunga tena. Kilio kikiisha, kila chombo kinarudi kwa mwenyewe kimesuguliwa kwa majivu, na ndani kimewekwa konzi ya unga au maharage, maana chombo cha kilio hakirudi kitupu.

Katika mstari wetu mkusanyaji alikuwa jirani wa mlango wa tatu, mjane, mama wa pacha wawili wa kike waliokuwa na miaka sita. Kwetu mwanamke aliyezaa pacha huitwa mama mapasa, na watu wote walimwita hivyo, hata mimi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti kubwa ya kanisani. Nilipokuwa na miaka kumi, kabla hajaolewa, mimi ndiye niliyekuwa nikimfuata nyuma na sufuria kichwani, nyumba hadi nyumba. Nilifungua kamba nyingi kwa vidole vyangu mwenyewe. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani sikujua.

Sasa, muhula ule mwalimu alitupa zoezi. Kila mmoja atafute katika eneo lake tukio linaloweza kuwa kosa dhidi ya mali, alichambue kipengele kwa kipengele, na ikiwezekana aende kituo cha polisi kilicho karibu aone jinsi malalamiko yanavyoandikwa. Tungewasilisha Jumatatu. Wenzangu walikuwa na matukio ya mjini: simu iliyokwapuliwa stendi, ng'ombe walioibwa, duka lililotobolewa ukuta. Mimi nilikwenda Kashojwa Ijumaa nikiwa na daftari jipya na kichwa kitupu.

Mama hakuwepo. Alikuwa amekwenda Kyaka, kambi nyingine mbali na kwetu, ambako dada yangu alikuwa amejifungua. Nilifungua kamba, nikaingia, na mara nikaona pengo kando ya mafiga. Sufuria kubwa haikuwepo. Mama aliinunua soko la Kabingo baada ya mavuno mazuri, ikabebwa kwa baiskeli hadi nyumbani, na watoto wa mstari mzima walikuja kujitazama ndani yake.

Moyo ulinidunda, na ninakiri ulidunda kwa furaha. Mlango uliofungwa, mali iliyoondolewa, mwenye nyumba hayupo. Nilisimama pale kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Nilipotoka nje nikasikia nyimbo kutoka mwisho wa mstari, nikaelewa kwamba kuna kilio. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza baiskeli alikuwa amefariki jana yake. Nikaenda. Sufuria yetu ilikuwa pale, juu ya mawe matatu, na mama mapasa anakoroga. Aliponiona alifuta mikono, akaniletea kigoda mwenyewe.

"Karibu, mwanangu. Ile sufuria ya kwenu njo hii. Nilikuya kuikamata jana magaribi."

Hapo ndipo ningetoa pole kwa wafiwa na kuketi na wanaume. Badala yake nilitoa daftari. Nilimuuliza alifunguaje mlango. Akasema kwa mkono, kwani ungefunguliwa kwa kitu gani. Nilimuuliza aliingia mwili mzima au alinyoosha mkono tu. Alicheka, akafikiri ni utani wa wasomi, akasema sufuria ile haiwezi kutoka bila mtu kuikumbatia. Nikamuuliza ilikuwa saa ngapi.

"Mi sina saa, mwanangu. Jua lilikuwa lingali. Kamba nilikuwa naiona muzuri."

"Lakini ilikuwa imefika saa kumi na mbili na nusu?"

Alitaka kunisaidia. Aliacha kukoroga akafikiri.

"Itakuwa ilipita. Sababu kengele ya maombi ilikuwa imelia. Njo nilitoka mu maombi mbio kuenda kukusanya vyombo."

Kengele ya maombi, yaani ile rimu ya gurudumu iliyoning'inizwa mbele ya kanisa, ilipigwa kila Alhamisi maombi yanapokwisha, saa kumi na mbili na nusu kamili. Niliandika. Nikamuuliza swali la mwisho: nani alimruhusu.

"Nani aniruhusu?" alisema, na safari hii hakucheka. "Mufu njo alinituma."

Niliandika pia hilo, nikalifuta baadaye kwa sababu halikuingia katika kipengele chochote.

Asubuhi ya Jumamosi nilikwenda kwenye posti ya polisi. Nilijiambia ni kwa ajili ya zoezi. Nyuma ya meza palikuwa na askari mmoja wa Uganda, mtu mnene mpole, anakunywa chai ya maziwa. Nilimweleza. Alinisikiliza kwa uvumilivu mpaka mwisho, kisha akaweka kikombe chini.

"Sufuria? Hiyo mambo peleka kwa cheyamani wa kijiji, muongee. Hapa sisi nafanya kesi."

Alikuwa amenipa mlango wa kutokea, na ulikuwa mpana. Debe tupu, wanasema, haliachi kuvuma. Nilimwambia kwamba kwa heshima zote, afande, hii ni kesi, tena si ndogo. Nikamtajia kifungu. Nikamweleza kuhusu kamba na kuvunja. Nikamweleza kuhusu saa kumi na mbili na nusu, na nikamwonyesha katika daftari kwamba mtuhumiwa mwenyewe amekiri kengele ilikuwa imelia. Aliniangalia upya, kuanzia viatu.

"Wewe nasoma nini?"

"Sheria, afande."

"Eeh. Loya." Alivuta kitabu kikubwa, akakifungua. "Sasa, loya, wewe nalalamika ama wewe nauliza?"

Nimeishi na swali hilo kwa miaka mingi. Lilikuwa swali safi, na yule askari aliliuliza bila hila. Ningesema nauliza, angecheka, ningeandika zoezi langu, nikarudi kilioni kabla ya mazishi. Lakini nilitaka kuona fomu inavyojazwa. Na nilitaka, hili nalisema kwa aibu, aendelee kuniita loya.

"Nalalamika," nikasema.

Walimchukua mchana ule, kutoka kwenye mafiga, mbele ya waombolezaji, mikono ikiwa bado na unga. Hakupiga kelele. Alimwambia mwanamke aliyekuwa karibu naye aangalie chakula kisiungue na awanawishe mapacha. Aliponipita alinitazama kwa namna ya mtu anayesubiri kuelezwa. Mimi nikatazama chini. Sufuria nayo ilichukuliwa kama kielelezo, wakamwaga maharage yaliyokuwa ndani, na kilio cha mzee yule kikaendelea bila chakula hadi jioni.

Jumatatu niliwasilisha. Nilizungumza dakika kumi na tano bila kutazama karatasi. Mwalimu alisema huu ndio mfano mzuri kuliko yote, kwa sababu vipengele vyote vimekamilika na mtuhumiwa amekiri. Darasa likanipigia makofi. Siku hiyo hiyo, baadaye nilikuja kujua, mama mapasa alisomewa shtaka la kuvunja nyumba usiku, akapelekwa rumande. Dhamana ilihitaji wadhamini wenye makazi ya kudumu, na makazi yetu ya kudumu yalikuwa kadi ya mgao wa chakula.

Alhamisi mwalimu aliingia na somo jipya. Alisema wiki iliyopita tulijifunza jinsi mtu anavyokuwa mwizi, na leo tutajifunza jinsi asivyokuwa. Mtu anayechukua kitu akiamini kwa moyo mweupe kwamba ana haki ya kukichukua, alisema, huyo si mwizi, hata kama imani yake ina makosa. Na anayechukua kwa nia ya kurudisha, kwa kawaida naye si mwizi. Na kama hakuna nia ya kutenda kosa, basi hata ukifungua milango mia moja, hujavunja nyumba ya mtu. Alisema wanafunzi wengi hukimbilia vipengele na kusahau utetezi, na kwamba nusu ya sheria ni hatari kuliko kutojua sheria kabisa.

Kisha akanigeukia. Alikuwa akitabasamu, maana nilikuwa mwanafunzi wake mzuri.

"Yule mwanamke wako wa sufuria. Alipofungua ile kamba, aliamini nini?"

Watu arobaini waliniangalia. Nilijua alichoamini, nilikijua tangu nina miaka kumi. Ningekisema, wangeuliza kwa nini basi nilimshtaki.

"Sijui," nikasema. "Sikumuuliza."

Niliondoka kabla ya kipindi kingine nikarudi Nakivale, moja kwa moja hadi posti ya polisi. Yule askari alikuwa palepale. Nilimwambia nimekuja kufuta malalamiko, kwamba kulikuwa na kutoelewana, kwamba kwetu kuna mila ya vyombo vya kilio. Alinisikiliza na uso wake ukazidi kuwa mzito.

"Loya, hii kesi si yako tena. Ni ya gavumenti. Wewe sasa ni shahidi tu." Alifikiri kidogo. "Na kama wewe ulijua hiyo mila, kwa nini uliandikisha? Kudanganya polisi pia ni kesi, bwana. Enda nyumbani, fikiri vizuri."

Hakuwa akinitisha. Nadhani alikuwa akinihurumia. Lakini nilifikiri vizuri, kama alivyosema, na nilichofikiria ni ule ukurasa wa masharti. Nikisema nilijua, mama mapasa anatoka na mimi naingia, au kama siingii, basi chuo kimekwisha. Nikinyamaza, labda korti itamwachilia yenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki, nikajiambia, kana kwamba si mimi niliyekuwa bado nimeshika ndoo.

Njia nyingine ilikuwa mama. Sufuria ilikuwa yake, nyumba yake, na neno lake lingetosha. Nilikuwa na namba ya simu ya shemeji yangu kule Kyaka. Sikuipiga. Nilikaa Kakiika siku sita na namba ile mfukoni, nikila mara moja kwa siku, nikifunga kufuli zote mbili. Sikuogopa mama angenikasirikia. Niliogopa angenyamaza.

Siku ya sita nilisikia kutoka kwa mtu wa kwetu aliyekuja Mbarara sokoni kwamba jina la mama mapasa limebandikwa ubaoni kule Base Camp, penye ofisi za kambi. Alikuwa ameitwa kwenye mahojiano ya kupelekwa nchi ya tatu, ng'ambo, kuishi huko moja kwa moja, yeye na mapacha, baada ya kusubiri miaka mingi. Siku yao ilikuwa Ijumaa ile. Mapacha walikuwa wakilala nyumba tofauti kila siku, wakipokezanwa na wanawake wa mstari, na kila asubuhi walikwenda kusimama mbele ya ubao ule kuona kama jina bado lipo.

Ndipo nikapiga simu. Mama alisikiliza yote, na nilimweleza yote, hata kile kipande cha daftari nilichofuta. Kama nilivyoogopa, alinyamaza. Nilisikia kitoto cha dada yangu kinalia nyuma yake.

"Nakuya," akasema, na simu ikakatika.

Safari ya kutoka Kyaka ilimchukua siku mbili. Ijumaa ikapita. Jina la mama mapasa likaitwa mara tatu, hakuna aliyeitika isipokuwa mapacha, na watoto wa miaka sita hawahojiwi peke yao.

Kesi ilisikilizwa Jumatano iliyofuata. Mama aliingia kortini na kitenge chake cha kwenda kanisani. Alikuwa shemasi, yeye ndiye aliyekuwa akioka mkate wa meza ya Bwana na kukunja vitambaa vyake. Kwa maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akidanganya, hata kwa karani wa mgao, ambaye watu wote walimdanganya. Wakampa Biblia, akaapa. Mkalimani alikuwa akigeuza maneno yake kwa Kiingereza, lakini mimi niliyasikia kama yalivyotoka.

"Sufuria ni yangu. Nyumba ni yangu. Ile kamba ni mimi niliifunga. Kama muntu amekufa, huyu mama anaingia nyumba yote, anakamata vyombo. Haombake. Kama angeniomba, ningekasirika."

Hakimu, mzee mwenye miwani, aliandika kwa muda mrefu. Akauliza kama watu wote wa kijiji wanaijua mila hii. Mama akasema wote. Akauliza, hata watoto? Mama akasema hata watoto. Hakimu akainua macho kutoka kwenye karatasi zake, akanionyesha kwa kalamu nilipokuwa nimekaa kwenye benchi la mashahidi.

"Na huyu mwanao aliyelalamika, yeye aliijua?"

Mama hakunitazama. Mkono wake bado ulikuwa karibu na Biblia, maana walikuwa hawajaiondoa.

"Hapana," akasema. "Huyu alikulia mu masomo. Mambo ya kilio, hajue."

Mkalimani akageuza. Hakimu akaandika. Kizimbani, mama mapasa aliinamisha kichwa. Yeye na mama na mimi, watu watatu katika chumba kile, tulijua kwamba nilikuwa nikimfuata nyuma na sufuria kichwani. Ningeweza kusimama. Nilikuwa hatua nne kutoka mezani kwa hakimu, na nilikuwa bado sijaapa, kwa hiyo hata uongo ule haukuwa wangu kisheria. Nililipima hilo, ndiyo, pale pale nililipima. Nikabaki nimekaa.

Hakimu akafuta shtaka. Mama mapasa alikuwa amekaa rumande siku kumi na sita. Nje ya korti alimkumbatia mama kwa muda mrefu, kisha akanigeukia. Alikuwa amekonda hata kitenge kilikuwa kimemzunguka mara mbili. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba msamaha, nimeyaandika kabisa, lakini yeye alitangulia.

"Umekonda, mwanangu. Kule Mbarara habakupake chakula?"

Hayo tu. Mpaka mwaka 2015, nilipohama Nakivale, alikuwa bado anaishi mlango ule wa tatu. Faili lake la kwenda ng'ambo liliwekwa chini ya mafaili ya wengine, na alipouliza aliambiwa asubiri. Watu wa mstari hawakunitukana. Waliendelea kunisalimu na kuniuliza habari za masomo. Ila hawakuniletea tena barua zao niwasomee.

Mtihani wa sheria ya jinai nilipata alama za juu kuliko wote.

Kuhusu kiapo, nilimuuliza mama mara moja tu, tukiwa shambani, tukipalilia maharage. Nilianza kumshukuru. Hakuinua mgongo.

"Wewe haukunituma," akasema. "Usinishukuru."

Wiki ileile ya kesi alikuwa amekwenda kwa mchungaji mwenyewe, bila kuitwa, akamwambia ameapa uongo mbele ya hakimu. Katika kanisa letu mwenye kosa la namna hiyo hutengwa. Haimbi kwaya, hahudumu, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na meza ya Bwana inapoandaliwa yeye hapewi. Anakaa hivyo mpaka aungame kosa lake lote mbele ya kusanyiko, lilikuwa nini na lilikuwa kwa ajili ya nani. Mchungaji alikuwa mtu mwema, alimbembeleza. Alimwambia sema sentensi moja tu, mama, Jumapili hii hii tukurudishe. Mama alikataa, kwa sababu ndani ya sentensi ile nilikuwemo mimi. Alikaa benchi lile kwa zaidi ya mwaka.

Jumapili ya kwanza ya adhabu yake ilikuwa siku ya meza ya Bwana. Mkate ulikuwa umeokwa na mwanamke mwingine. Nilikuwa nimekuja kutoka Mbarara na shati jeupe, na wazee walinikalisha mbele pamoja na vijana wasomi. Mchungaji alisimama, kama ilivyo desturi yetu, akauliza kama kuna mtu mwenye neno moyoni kabla hatujaikaribia meza. Huwa anasubiri kidogo. Siku ile alisubiri sana, na sikugeuka nyuma, lakini nilijua mama amekaa wapi, na mama mapasa alikuwa ametoka kwaya akaenda kukaa naye.

Sahani ilianza kuzunguka. Ilikwenda hadi nyuma, ikawapita wawili wale, mmoja kwa adhabu, mwingine kwa hiari yake, ikarudi mbele kwa upande wetu. Shemasi aliinama akaniletea. Nikachukua mkate, nikala.